Tarakimu Nne Upande wa Ndani

Nilikanyaga breki pale Msabaha na gari halikusimama.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Mei, jioni, tunarudi nyumbani Malindi kutoka Kilifi. Mvua ilitupiga njia nzima, ikapungua tulipopita njia panda ya Gede, ikaacha lami inang'aa na mchanga uliosombwa na maji umetanda vipande vipande barabarani. Nilikuwa kwenye kasi ya 60, labda 65. Matatu iliyokuwa mbele yangu ikasimama kuchukua abiria. Nafasi ilikuwepo. Nimeipima nafasi hiyo kichwani mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiipima naona ilitosha.

Pedali ikaanza kudunda chini ya mguu wangu, na gari likaendelea tu, limenyooka, kimya, kama dau lililokwisha kusukumwa majini. Nikavuta usukani kushoto. Matairi ya mbele yalipoingia kwenye mchanga wa kando ndipo gari likasimama. Mbele ya bonati, hatua moja, palikuwa na mwanamke mwenye kapu. Mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya matatu na mwingine bado uko chini.

Alinitazama, akapanda, matatu ikaondoka.

Mamangu alikuwa kiti cha nyuma, ameshika vichwa vya wanangu wawili, kila mkono na kichwa chake. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Gari limekataa kukusikia, mwanangu."

## Meno yalikuwepo

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2006, bluu, rimu za rangi ya dhahabu. Wenye kuzijua rangi hizo hawahitaji kuelezwa. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 na Subaru ya rangi hizo hizo, na tangu hapo hakutaka gari jingine maishani. Alilipata akiwa mtu mzima, akalitunza kama mtoto, kisha akapata kazi Doha. Mimi nilikuwa nahitaji gari. Tukapatana bei, nikamlipa kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Kwa hiyo asubuhi baada ya Msabaha, nilipochuchumaa uani na rula ya shule mkononi, nilikuwa nakagua kitu alichokichagua yeye. Nilipima mifereji ya matairi yote manne. Milimita 6, tairi kwa tairi. Jipya huwa na kama 8, na vile vidaraja vidogo ndani ya mfereji vinavyoonyesha kuwa tairi limekwisha huwekwa kwenye milimita 1.6. Matairi yangu yalikuwa na meno. Si vipara hata kwa mbali. Na jina lililoandikwa ubavuni lilikuwa la kampuni kubwa ya Japani.

Basi nikailaumu mvua, nikaulaumu mchanga, na dereva wa matatu.

Nilikaa wiki tatu na lawama hizo. Zilinipa usingizi, lakini haukuwa usingizi mzuri. Nilianza kuendesha kwa kasi ya 40 kila penye wingu. Bahari ya Malindi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, kama kawaida Sabaki inaposhusha tope la bara wakati wa masika, na kila nikiiona rangi ile nikipita ufukweni nilijua kwamba mvua bado ipo na mimi bado sijui kilichotokea.

Kisha asubuhi moja, nikiingia langoni pa shule kwa mwendo wa mtu anayetembea, manyunyu tu, gari likateleza tena. Kidogo. Kiasi cha shibiri moja.

Kwa mwendo ule, mvua na matatu havikuwa na hatia tena.

## Kucha kwenye kifuu

Fundi wangu wa matairi yuko Maweni, kibanda cha mabati chenye kompresa na mashine moja ya kufungulia. Nilimweleza. Hakuuliza lolote kuhusu breki. Alichukua jeki, akafungua gurudumu moja, akalilaza chini na kuligeuza, ule upande unaotazama chini ya gari ukawa juu. Akasugua vumbi kwa kidole gumba.

"Soma hapa, mwalimu."

Mwisho wa mstari wa herufi na namba kulikuwa na kidude cha duara ya mviringo mrefu, na ndani yake tarakimu nne: 3213.

Wiki ya 32, mwaka 2013.

Nafundisha hisabati, na nilikuwa naijua kanuni hiyo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, ndivyo tarehe inavyoandikwa tangu 2000. Nisichokuwa nakijua ni kwamba mara nyingi tarehe kamili huwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili huandikwa herufi nyingine, tarehe haipo. Tairi likifungwa na tarehe ndani, unaweza kulizunguka gari lako kwa miaka, ukaliosha, ukalijaza upepo kila mwezi, na usiione kamwe. Yangu yote manne yalikuwa yamefungwa hivyo.

Fundi akanishika kidole akakibonyeza kwenye jino la tairi. "Tia ukucha." Nikatia. Ulikuwa kama ukucha kwenye kifuu cha nazi. Kisha akanileta kwenye tairi jipya lililoning'inia ukutani, ukucha ukazama, ukaacha alama, na alama ikapotea polepole. Aliporudi kwenye langu aliutanua mfereji kwa vidole viwili, na chini kabisa nikaona nyufa nyembamba, nyingi, kama tope la dimbwi lililokauka.

Mpira hushika barabara kwa ulaini wake. Lazima ujibonyeze ndani ya vijishimo vya lami ndipo ung'ang'anie. Joto, jua na hewa yenyewe huukausha, hata tairi likiwa limesimama, hata likiwa ghalani halijawahi kugusa barabara. Mfereji unaondoa maji, lakini baada ya maji kuondoka kinachobaki ni mpira na lami, na mpira wangu ulikuwa umekufa.

Meno yalikuwa ya maiti.

## Simu ya Doha

Mdogo wangu aliyanunua matairi hayo Mombasa mwaka 2019. Alinunua *mapya*. Nakumbuka alivyorudi nayo, alivyofurahia bei, picha alizotuma kwa familia nzima. Nikampigia usiku.

"Yalikuwa mapya, dada. Yalikuwa na stika zake."

"Najua."

"Mimi mwenyewe niliyaona yakifunguliwa nailoni."

"Najua. Yalikuwa mapya ya miaka sita."

Akanyamaza. Mtu akinyamaza kwenye simu ya mbali unasikia feni ya chumbani mwake. Nilitaka kumwambia kwamba hakukosea, kwamba hakuna aliyemfundisha kugeuza tairi. Lakini nilikuwa bado namuona yule mwanamke mwenye kapu, na maneno hayakutoka.

Mpaka leo sijui aliyeyafunga Mombasa aliyageuza kwa kutojua au kwa kujua. Matairi yale hayana upande wa nje wala wa ndani kwa umbo lake, ungeweza kuyafunga vyovyote. Manne yote kuangukia upande mmoja kwa bahati inawezekana: sarafu nne zikirushwa, nafasi ya zote kulalia upande huo ni moja kati ya 16. Inawezekana. Nimejaribu kuishi na hiyo moja.

## Mbili nzuri, mbili za bei

Saizi ya gari ni 215/45R17. Fundi alinipigia simu madukani huku nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ya Japani, Sh24,000 moja. Ya China, Sh11,000. Mitumba ya Japani, Sh6,500, ya 2017 na 2018, meno milimita 5.

Manne ya Japani ni Sh96,000. Karo ya muhula ilikuwa inakuja. Nikafikiria kile ambacho wengi wetu hufikiria: mapya mawili mazuri mbele, mitumba miwili nyuma, mwakani nitaona.

"Hili linavuta kwa magurudumu yote manne," fundi akasema. "Ukichanganya utakuja kulilia giaboksi."

Sikumwamini mpaka nilipokaa na kalamu. Subaru inataka mizunguko ya matairi yote manne isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Inaonekana kama masihara mpaka ukumbuke kwamba mzunguko ni mara 6.28 ya nusu kipenyo. Milimita moja tu ya tofauti ya meno imekwisha kukumalizia ruhusa yote. Tairi jipya lenye milimita 8 na mtumba wenye 5 vinapishana karibu milimita 19 kwa kila mzunguko. Niliwapa Kidato cha Pili swali hilo, nikawauliza: kutoka hapa hadi Mombasa, kilomita 120, tairi dogo litazunguka mara ngapi zaidi ya mwenzake? Msichana mmoja wa dawati la mbele alipata jibu kabla yangu. Zaidi ya mara 550.

Tofauti hiyo yote inamezwa na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ndani ya giaboksi, ambako kwenye gari langu kuna kiungo chenye mafuta mazito. Kimeumbwa kuvumilia kona na utelezi wa dakika moja. Ukikilazimisha kufanya kazi njia nzima kinapata moto, na kikiungua kinashika. Hapo unazungumzia pesa zinazoweza kununua matairi mara mbili.

Kwa hiyo manne, sawasawa, siku moja. Hilo likaisha.

## Yatakaa miaka mingi

Nilikwenda Mombasa mwenyewe. Duka la pili, muuzaji, kijana mwenye adabu sana, alinitolea tairi la China lenye alama ya uchakavu 500. "Hili, mama, utalisahau. Litakaa miaka saba."

Nimekuwa nikiyawaza maneno hayo kuliko yote niliyoambiwa katika jambo hili.

Alama ile huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kulingana na majaribio yake. Kubwa humaanisha mpira unaochelewa kulika, na mara nyingi mpira unaochelewa kulika ni mgumu. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba ambazo kila kitu kilinunuliwa ili kikae tunasikia "miaka saba" na mkono unakwenda kwenye pochi wenyewe. Baba alikuwa na pikapu aliyoivalisha matairi ya Yana maisha yake yote. Kiwanda kilikuwa Nairobi, ukipigwa pancha popote utalipata jingine, na fahari ya Yana ilikuwa kukaa. Kiwanda hicho kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016, kimezidiwa na ya bei nafuu kutoka nje, lakini kipimo cha baba kilikuwa bado kichwani mwangu: zuri ni lile linalokaa.

Mimi naendesha kilomita 8,000 kwa mwaka. Shule, sokoni, Kilifi kwa dadangu, Mombasa mara chache. Gari linashinda juani uwanja wa shule kutwa nzima. Kwa mwendo huo sitalimaliza tairi gumu kamwe. Jua la Malindi litaliua kwanza, na litabaki na meno mazuri yanayonidanganya, kama yale.

Nilichokihitaji ni tairi litakaloisha kabla halijafa.

Nikamwambia kijana yule. Alinitazama kwa muda, kisha akarudi ndani, akatoka na mengine.

Kuhusu jina la China au la Japani, nilisumbuka kidogo halafu nikaacha. Lililoniponyoka Msabaha lilikuwa la jina kubwa. Lakini sikutaka pia lisilo na chochote cha kulipima. Ubavuni mwa mengi kuna herufi ya mshiko, AA, A, B au C, inayotokana na kufunga breki kwenye njia yenye maji, na mengine huja na karatasi ya Ulaya yenye daraja la mshiko wa mvua, A hadi E. Wote walionihudumia waliitaja bei, kasi na miaka. Hakuna aliyenitajia herufi ya maji mpaka nilipouliza mimi, tena tukiwa katikati ya masika.

## Viatu vya shule

Wazo la rimu ndogo lilikuwa la fundi wa Maweni, na nililikataa mara mbili.

Hesabu yake ilikuwa wazi. Inchi 16, saizi 205/55R16, ni saizi ya magari mengi ya kawaida. Inauzwa haraka, kwa hiyo dukani huikuti imelala. Ile ya 17 yenye ubavu mfupi huuzwa pole pole, na ndiyo maana tarehe zake huwa za zamani. Kipenyo cha jumla kinazidi kwa milimita 6.6 tu, asilimia moja, spidomita haitajua. Ubavu unapanda kutoka milimita 97 hadi 113, na mwenye kupita matuta yetu na vishimo vya Muyeye anajua milimita 16 zina maana gani kwa rimu. Hata uzito wa kubeba unaongezeka: namba 87 ya matairi ya zamani ni kilo 545 kwa tairi, na 91 ya haya ni kilo 615.

Nilichokuwa nakikataa ni kuzivua rimu za dhahabu. Mdogo wangu alizitafuta mwaka mzima. Nikizivua, lile gari bluu litakuwa gari tu.

Nilipomwambia, alikasirika kweli. "Dada, unalivalisha viatu vya shule."

Nikamwambia kilichokuwa kimenikaa kooni tangu simu ya kwanza. Nilimweleza yule mwanamke, kapu lake, mguu mmoja juu na mmoja chini. Nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nimesema "tuliteleza" tu.

Alikaa siku mbili bila kujibu ujumbe. Siku ya tatu akatuma sauti fupi: "Zivue. Lakini usiziuze."

Ziko chini ya kitanda changu, zimefungwa kwa khanga kuukuu.

Rimu za kwanza tulizojaribu, mitumba ya inchi 16, ziligusa kalipa ya breki za mbele. Tulilisikia likikwaruza tu gurudumu lilipozungushwa kwa mkono, fundi akalitoa bila kusema neno. Seti ya pili, umbo jingine, ilipita na kuacha nafasi ya kalamu. Sh18,000 zote nne. Matairi ni ya Taiwan, Sh12,500 moja, mshiko A, uchakavu 280, tarehe ya miezi mitano nyuma. Nilisimama pale mpaka kila moja likafungwa na tarehe nje. Jumla Sh68,000, na balansi juu.

Mvua ya mwisho ya masika ilinikuta njia ya Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, barabara tupu. Nikajaribu kwa makusudi, kasi ya 60. Gari likainama pua na kusimama. Kwenye kona linalegea kidogo kuliko zamani, ubavu mrefu unakunjika, na mtu aliyelizoea kwenye 17 atalijua hilo mara moja. Mamangu hakulijua. Aliuliza tu kwa nini siku hizi gari halirushi mgongo.

## Sh2,000 moja

Matairi ya zamani yalibaki kibandani Maweni, yameegemea mabati. Nilipokwenda kuyachukua nilimkuta mtu anayazunguka. Dereva wa teksi, makamo yangu, gari lake lenye rimu za 17 limesimama pembeni.

"Mwalimu, haya nitakupa elfu mbili mbili."

Nikamwambia ni mabovu. Akacheka kwa upole, akaingiza ncha ya ufunguo kwenye mfereji, ikazama. "Mabovu na meno haya? Mimi siendi mbio. Ni Malindi na Watamu tu, wageni wenyewe hawataki mbio."

Nikamwambia umri. Akasema yake aliyonayo hayana hata nusu ya meno hayo, na alikuwa anasema kweli, niliyatazama. Akapanda hadi 2,500. Ni Sh10,000, na mimi nilikuwa nimekopa sehemu ya zile Sh68,000. Na zaidi ya pesa kulikuwa na swali ambalo sikulipatia jibu pale wala sijalipatia hadi leo: nikimnyima, atanunua yapi? Yaliyo bora kuliko haya? Kwa pesa gani? Nani amenipa mimi kazi ya kumchagulia, wakati mimi nilikuwa na mshahara na mkopo wa sako, na yeye ana siku ya leo tu?

Barabara ya Watamu inapita Msabaha.

Nikamwomba fundi ayakate. Alinitazama kuhakikisha, kisha akachukua kisu na kuupasua ubavu wa kila tairi, manne, na kila moja lilichukua muda kwa sababu lilikuwa gumu. Yule dereva alisimama akitazama mpaka la mwisho.

"Umeniharibia riziki, mwalimu," akasema. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

Sikuwa na la kumjibu. Nikaokota moja lililokatwa, nikaligeuza, nikamwonyesha 3213 na kumweleza kama fundi alivyonieleza. Alisikiliza. Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya zile namba, kisha akainuka, akaenda kwenye gari lake, akalizunguka akitazama ubavu wa kila tairi. Nje hakukuwa na kitu.

Akavua viatu, akatandika gunia la fundi mchangani, akalala chali na kuingiza kichwa chini ya gari na tochi ya simu. Alikaa huko kitambo. Tulimsikia akisugua kwa kiganja.

"Mwalimu," sauti yake ikatoka chini. "Umesema mbili za mwisho ndiyo mwaka?"

Nikamwambia ndiyo.